Dozi Thelathini na Tatu

Mwanangu alikuja na wiki kumi na moja mkononi,
hakuzitumia.
Kilo moja na gramu themanini:
nishanunua tangawizi nzito kuliko yeye
pale Marikiti, na nikalalamika mizani imeniibia.

Wakamtia kwenye kijumba cha kioo, hospitali ya Makadara,
mrija puani, waya kifuani,
soksi ya mtu mzima imekatwa ikawa kofia.
Usiku wa kwanza mashine ikalia.
Nesi Kadzo hakukimbia. Alipitisha mkono tunduni
akamgonga unyayo kwa ncha ya kidole,
tk, tk,
kama nigongavyo vikombe nikiingia Kibokoni
watu wajue kahawa imefika.
"Amesahau kupumua," akasema,
kama asemaye mtoto kasahau daftari nyumbani.

Mara kumi na moja usiku ule alisahau.
Nilihesabu kwa vidole, vikanishia.

Asubuhi nesi akaja na bomba la sindano, jembamba,
ndani maji maangavu yasiyojaza hata kijiko.
Ni nini hiyo, dada?
Kafeini.
Nikadhani nimesikia vibaya.
Akanitazama mikono, bado yanuka makaa na iliki.
"Ndiyo hiyo hiyo ya kwenye dele lako,
ila hii imesafishwa, imepimwa kwa uzani wake.
Yamkumbusha ubongo uamrishe kifua.
Na wewe usije ukamdondoshea yako!"

Wallahi, wazo lilikuwa limeshapita.

Miaka kumi na minane nabeba dele,
moto chini, uchungu juu,
na sikujua nimebeba nini.
Wateja wangu ndio wajuzi.
Lali Shekuwe, karani mstaafu wa bandari,
asema yalinda ini; kasoma mahali, hakumbuki wapi.
Bakathir fundi saa asema yamwondolea kichwa,
mkewe asema ndiyo impayo hicho kichwa.
Chengo wa kreni hunywa vitatu kabla ya zamu ya usiku Kilindini
asije akasinzia na kontena liko hewani,
na huyo namwamini,
kwani kila alfajiri namwona yu hai,
na walioshinda chini ya mkono wake wahai.
Lakini babangu, aliyeniachia dele hili,
alikunywa kuwashinda wote,
na moyo ulimsimama amekaa kitako, kikombe hakijapoa.
Ndiyo maana sijapata kusema ni dawa.
Husema: kahawa.

Siku ya tatu mtoto akasahau mara sita.
Siku ya tano, mara mbili.
Mamake, Mwanakhadija, akafungwa naye kwa leso, ngozi kwa ngozi;
zamu yangu ilipofika nesi akaniamuru nikaoge.
"Wanuka biashara."
Nikaoga mara mbili. Biashara haikutoka.
Wakanilaza naye kifuani,
ana joto la finjani iliyomiminwa sasa hivi.
Akavuta pumzi.
Akangoja.
Nami nikangoja,
kidole changu kimekaribia unyayo.

Akavuta nyingine. Mwenyewe.

Barazani walikuwa wamemwita Finjani kabla hajapata jina.
Akapata: Yahya.
Bado wamwita Finjani.

Siku ya kutoka nikapewa karatasi ya malipo.
Kitanda. Oksijeni. Maabara.
Na katikati, mstari mmoja mfupi:
kafeini, dozi thelathini na tatu.
Nikacheka hata karani akavua miwani.
"Bwana, kuna kosa?"
Hakuna. Nimezoea kuiuza tu.

Nikamhesabia sarafu za vikombe, moja baada ya moja,
foleni nyuma yangu imekasirika,
zikalia juu ya kaunta,
tk, tk,
na ndani ya leso ya mamake
mtu akapiga chafya.